Nati Kumi na Mbili za Mzee Mlowe

Sogeeni, mlio wadogo mkae mbele. Leo nina watu watatu na adui wao mmoja, na nina neno moja tu la kuwagawia. Wote watatu wanalidai. Mimi nimejaribu kuligawa nikashindwa, ndiyo maana nimelileta kwenu.

Wa kwanza ni Gaudensi Nyagawa, dereva. Yeye alijaliwa sikio. Akiwa bafuni anaoga, gari likipita barabarani atakuambia ni la nani, na silinda ya ngapi imeanza kuchoka.

Wa pili ni Tusekile Mlowe, binti wa fundi, naye mwenyewe ni fundi. Yeye alijaliwa vidole. Mpe sindano mbili zinazopishana unene kwa upana wa unywele, atakutenganishia huku amefumba macho.

Wa tatu ni Otilia Mlelwa, mpika chakula. Yeye alijaliwa kumbukumbu. Mtaje mteja yeyote aliyekula kwake mwaka juzi, atakuambia alikula nini, alivaa shati gani, na kama alishukuru alipoondoka.

Na adui yao ni Kastori Mbembati, fundi pia, mtu mwenye akili ya injini na subira ndefu.

Haya yalitokea Mkolongo, mji mdogo wa nyanda za juu, kwenye baridi na mvua nyingi. Hospitali ya pale ilikuwa ndogo, haikuwa na chumba cha upasuaji. Mgonjwa akizidiwa, alipelekwa ng'ambo ya mlima Nyamande. Gari lililoweza kupanda mlima huo wakati wa mvua lilikuwa moja tu: pikapu la zamani la Kimarekani, injini ya silinda sita, nyuma lina turubai na machela. Gaudensi ndiye aliyeliendesha. Mzee Yonaza Mlowe, baba yake Tusekile, ndiye aliyelitunza kwenye gereji yake. Kastori alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minne. Na Otilia aliuza chakula ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la gereji hiyo.

Sasa nieleze kidogo habari ya injini, msije mkapotea. Injini inavuta pumzi na kutoa pumzi kupitia milango midogo inayoitwa valvu. Hii ilikuwa nazo kumi na mbili. Kila valvu inafunguliwa na fito ya chuma, na fito inasukumwa na tapeti. Tapeti za gari hili zilikuwa za oili: oili inajaa ndani yake na kuziba nafasi, ili chuma kisigonge chuma. Kuzirekebisha ni kazi ya vidole. Fundi anakaza nati kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili anaizungusha ile fito. Fito ikianza kushika, nafasi imekwisha. Hapo anaongeza zungusho moja, basi, anatoa spana. Akipunguza, injini itapiga kelele kama watu wanaotwanga. Akizidisha, haitapiga kelele yoyote. Valvu zitashindwa kufunga, na injini ikishapata moto itakosa nguvu kimyakimya.

Jumamosi moja Mzee Mlowe alizirekebisha tapeti zote kumi na mbili. Jumatano yake Otilia alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Wakampakia kwenye machela, na muuguzi mmoja pembeni.

Gaudensi alipowasha, gari lilikohoa kabla ya kuwaka. Sikio lake likamwambia, hili halipumui sawasawa. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, Otilia analia kwa uchungu, muuguzi anapiga kioo cha nyuma, "Twende, kaka, twende!" Akaondoa.

Kwenye kona ya tatu ya Nyamande gari likaanza kulegea. Kwenye kona ya nne likazima. Hakusikia mlipuko wala mgongano wa chuma. Lilikata roho tu, kisha likaanza kurudi nyuma, akalishika kwa breki na jiwe. Gaudensi, muuguzi na wapita njia wawili waliibeba ile machela mabegani, kwa muda wa saa nne nzima, kwenye tope. Otilia alifika akiwa hai. Mtoto alikuwa wa kike. Hakufika.

Lawama zikatafuta mahali pa kukaa. Kastori aliitwa kuikagua ile injini. Alifunua boneti, akainama dakika chache, akajifuta mikono. "Pistoni zimekwisha," akawaambia wakubwa wa hospitali. "Mzee macho hayaoni tena, alifunga vibaya. Na dereva akaipandisha mlima huku anasikia inaumwa. Hii ni ya kutupa."

Basi, Gaudensi akafukuzwa kazi, na kwenye barua yake wakaandika neno "uzembe". Hakuna aliyemwajiri tena. Otilia alifunga kibanda chake, akarudi kwao kandokando ya Ziwa Nyasa. Kastori akafungua gereji yake kubwa barabarani, na magari ya hospitali yakahamia kwake.

Na Mzee Mlowe? Mzee hakubisha hata kidogo. Aliitazama mikono yake, akaamini. Hakushika spana tena. Alikaa sebuleni kwenye kiti, mikono ameificha ndani ya blanketi kama vitu vya aibu, na kila mtoto mdogo aliyepita dirishani alimfanya ageuze uso. Alikufa mwaka wa tatu akiamini ni yeye aliyemuua mtoto wa Otilia. Tusekile ndiye aliyemfumba macho. Siku ya mazishi Kastori alikuja na shada la maua, akasema maneno mazuri kaburini.

Sasa nisikilizeni namna kila mmoja alivyofanya sehemu yake.

Gaudensi alipofukuzwa aliomba kitu kimoja: mzoga wa lile gari. Watu walidhani amechanganyikiwa. "Nilitaka niwe na kitu cha kukichukia," aliniambia mwenyewe. Alilivuta kwa ng'ombe mpaka nyuma ya nyumba yake, akaliweka chini ya bati. Kila Jumamosi alilitukana. Lakini dereva ni dereva. Akishamaliza kulitukana alimimina oili kidogo ndani ya silinda na kuizungusha injini kwa mkono isije ikashika kutu. Miaka tisa. Jumamosi moja, bila kukusudia, alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kabureta, mdomo ambao injini huvutia hewa, huku mkono unazungusha. Akasikia pumzi. Akazungusha tena. Akaenda nyuma, akamwita mke wake azungushe, akaweka sikio kwenye bomba la moshi. Pumzi tena. Akafungua kifuniko cha kutilia oili, akasikiliza tumbo la injini. Kimya.

Alikaa chini palepale kwenye matope. Maana pistoni zikiisha, pumzi inavujia tumboni. Hii ilikuwa inavujia mdomoni na mkiani. Pistoni zilikuwa nzima. Valvu ndizo zilizokuwa hazifungi. Kastori alidanganya.

Kesho yake akaenda kwa Tusekile, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao. "Mwanangu," akamwambia, "njoo ufungue ile injini. Mimi nimesikia, lakini sikio halishuhudii mbele ya watu."

Tusekile alikuja na spana za baba yake. Alifungua kifuniko cha juu, akamulika, akazipitia nati moja baada ya nyingine. Mzee Mlowe alikuwa na mazoea yake: akimaliza kurekebisha nati, aliichorea mstari wa rangi nyekundu kuanzia kwenye nati mpaka kwenye bolti yake, ili nati ikisogea ajue. Mistari ile ilikuwa bado ipo, na yote kumi na mbili ilikuwa imekatika. Kila nati ilikuwa imesogea robo zungusho kutoka pale baba yake alipoiacha.

"Robo tu?" Gaudensi akauliza. "Robo haiwezi kuzima gari."

"Rangi inaonyesha robo," Tusekile akasema. "Haionyeshi kama kabla ya robo kuna mazungusho mazima."

Akashika fito ya kwanza kwa vidole viwili, akaanza kulegeza nati polepole. Zungusho moja. Mawili. Matatu. Matatu na robo, fito ikaachia vidoleni. Akarudia ya pili. Matatu na robo. Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na mbili. Baba yake siku zote aliongeza moja. Mtu mwingine, baada ya rangi kukauka, alikuwa ameongeza mawili na robo kwenye kila nati, kwa mkono uliotulia, mkono wa mtu anayeijua kazi.

Tusekile hakulia. Moja aliiweka kando pamoja na bolti yake, nyingine zote alizirudisha alivyofundishwa: vidole, fito ishike, zungusho moja, toa spana. Wakatia oili mpya na betri ya kuazima. Injini ikakohoa, ikawaka, tapeti zikapiga kelele dakika chache mpaka oili ikajaa, kisha zikatulia. Gaudensi akavua kofia.

"Sasa baba amepona," Tusekile akasema. "Bado huyo mwenye mkono. Tutamjuaje?"

Wakamkumbuka mtu aliyekuwa akiliona geti la gereji kila siku na asiyesahau kitu. Walisafiri siku mbili hadi kwa Otilia. Walimkuta anachekecha unga. Walipomaliza kumweleza, aliendelea kuchekecha, unga ukaisha, akaendelea kuchekecha ungo mtupu. Mwisho akasema neno moja.

"Jumapili."

"Jumapili gani, dada?"

"Kabla ya ile Jumatano. Gereji ilikuwa imefungwa, mzee yuko kanisani. Mimi nilikwenda kibandani kuchukua sufuria zangu. Kastori akatoka kwenye lile geti. Shati jeupe, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akaniomba maji ya moto na sabuni. Alinawa mara tatu, akamaliza maji yangu yote. Na hakusema asante." Akauweka ungo chini. "Mimi sijui injini. Nilidhani ndiyo kazi yake. Nilimchemshia maji, Tusekile. Nilimchemshia maji ya kunawa damu ya mtoto wangu."

Wakapanga. Otilia akamwomba Tusekile amfundishe mambo ya tapeti mpaka ayaelewe, naye Tusekile akamwambia yote, pamoja na ile hesabu. Otilia akasema, "Hiyo hesabu tusimwambie mtu. Mniachie mimi."

Alhamisi, siku ya gulio, saa nne asubuhi, pikapu liliingia kwenye gereji ya Kastori likiunguruma vizuri. Mafundi wakaacha kazi, isipokuwa mmoja aliyekuwa anakata chuma. Watu wa sokoni wakajaa getini. Mama Hongoli, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa pale ameleta pikipiki yake.

Kastori akatoka ofisini anatabasamu. "Gaudensi! Umemfufua maiti?"

Gaudensi akazima injini. Tusekile akafungua kifuniko, akatoa kitambaa chenye nati moja kwenye bolti yake, aliyoikaza tena mpaka pale alipoikuta. Aliweka mpya mahali pake. "Fundi Kastori, tazama rangi ya baba. Mstari umekatika. Mtu alizikaza baada yake."

"Baba yako alipaka rangi akiwa haoni," Kastori akajibu kwa upole. "Mwanangu, mwache marehemu apumzike."

Turubai likafunuka. Otilia alikuwa amekaa nyuma, juu ya ile machela. Akashuka taratibu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba..." Ilimchukua muda kumtambua. Alipomtambua, tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliliacha.

"Jumapili ile nilikupa maji ya moto ukanawa mara tatu."

"Kunawa ni kosa, mama?"

"Ulinawa oili ya injini hii. Ulikaza nati zote." Otilia akawageukia wale mafundi, akapaza sauti. "Tena alikaza ovyo! Kila nati mara nne! Kwa hasira, bila akili, kama mtu ambaye hajawahi kushika spana!"

Mafundi wawili wakacheka. Kastori akapandwa na damu usoni.

"Mara nne?" akasema. "Mara nne ungepinda fito zote kabla gari halijatoka getini! Ni mbili na robo, mama, kila moja, na nilizi..."

Mtu aliyekuwa anakata chuma akazima mashine yake. Gereji nzima ikatambua kwamba kabla yake hakuna aliyetaja mbili na robo.

Kilichofuata kilikuwa kibaya. Mtu mmoja alinyanyua chuma cha kufungulia matairi, mwingine akamkamata Kastori kwenye kola. Mama Hongoli akajipenyeza katikati, akasimama mbele yake. "Atakayempiga aanze na mimi!" Wakarudi nyuma, wanahema.

Kastori alikaa kwenye tairi. "Miaka kumi na minne nilimshikia taa yule mzee," akasema bila kumtazama mtu. "Jumamosi ile, alipomaliza tapeti, akaniambia gereji atamwachia Tusekile. Binti. Hata hakuniuliza. Nilitaka gari limzimikie getini, watu wamcheke. Sikujua habari ya mama mjamzito. Nilipojua, tayari ilikuwa imetokea."

"Ulijua ulipoikagua," Tusekile akasema. "Ungesema siku hiyo, baba yangu angekufa na mikono yake."



Mafundi wa Mkolongo wakakaa palepale na Mama Hongoli. Baada ya kubishana sana wakasema hivi: hatutamwaga damu, lakini hatutaliacha hili. Mmoja wa hawa watatu atatamka Kastori afanywe nini, na mji mzima utahakikisha limefanyika. "Lakini awe mmoja," Mama Hongoli akasema. "Mkinipa maneno matatu yatapingana, na huyu atapenya katikati." Wakamuuliza Kastori. Akasema, "Lolote. Nitalifuata."

Gaudensi akasema, "Neno ni langu. Ningelitupa lile gari, leo mngekuwa mnamsalimia kwa heshima. Nimeitunza injini miaka tisa, na sikio langu ndilo lililoukamata uongo wake. Nataka aende polisi leo, ashtakiwe, afungwe. Mimi niliandikwa mzembe kwenye karatasi. Naye aandikwe."

Tusekile akasema, "Neno ni langu. Bila vidole vyangu, baba Gaudensi angebaki mzee anayesikia pumzi kwenye gari bovu, mngemcheka. Mimi ndiye niliyetoa ushahidi wa kushika kwa mkono. Polisi sitaki. Gerezani atafundisha wenzake ufundi, atatoka anaheshimiwa. Nataka asishike spana tena mpaka anakufa. Akae kwenye kiti, mbele ya dirisha, ayatazame magari yakipita na mikono yake isiwe na kazi. Baba alikaa hivyo kwa kosa ambalo si lake. Huyu akae kwa la kwake."

Otilia akasema, "Neno ni langu. Ninyi mlikuwa na kosa lisilo na jina. Jina nimelileta mimi, na mimi ndiye niliyemfanya akiri kwa mdomo wake. Na nyote mnajua nilichobeba kwenye mlima ule. Sitaki afungwe, sitaki apumzike kwenye kiti. Nataka afanye kazi. Gari hili libebe wajawazito tena, alitengeneze yeye, bure, tapeti azirekebishe yeye. Na kila litakapopanda Nyamande, yeye alale nyuma, pembeni ya machela, asikilize injini. Nataka kila wiki afike kwenye kona ya nne akiwa hajui kama litavuka. Mpaka azeeke."

"Mikono hiyo iguse tena kazi ya baba yangu?" Tusekile akaruka. "Haiwezekani, dada!"

"Na mimi nimwendeshe huyu mgongoni kwangu maisha yangu yote?" Gaudensi akasema. "Hiyo ni adhabu yake au yangu?"

"Basi nirudishieni mtoto," Otilia akasema, "kisha mchague ninyi."

Tusekile akamjibu kwa sauti ya chini, lakini wote tulisikia. "Dada, hapa hatupimi nani amepoteza zaidi. Tukipima hivyo, baba yangu naye amelala kaburini. Tunapima kazi. Na kazi tumefanya sawa."

Walibishana mpaka gulio likaisha. Hawa watatu waliosafiri pamoja, waliokula sahani moja, sasa hawatazamani. Kastori bado amekaa kwenye tairi, anasubiri kuambiwa maisha yake yaliyobaki yatakuwaje. Mama Hongoli ametoka nje, amesema akirudi anataka kusikia jina moja.

Mimi nikimfuata mwenye sikio, nasikia mwenye vidole ana haki. Nikimfuata mwenye vidole, mwenye kumbukumbu ananitazama na nashindwa kumtazama. Kwa hiyo mimi nanyamaza hapa. Wewe uliyekaa mbele, na wewe uliyeegemea mlango, na wewe unayejifanya husikilizi: Mama Hongoli anaingia sasa hivi. Mtampa neno nani?